Kisu cha babu kimekuwa cheusi: nikisugue au nikiache?

"Shikamoo fundi. Babu yangu ameniachia kisu chake cha kukunja, kile alichotembea nacho mfukoni maisha yake yote. Kina mabapa mawili, kubwa na dogo, na mpini wa mfupa. Kwenye shina la bapa kubwa kuna maandishi yaliyofutika nusu. Mabapa yamekuwa ya kijivu yanayoelekea weusi, na karibu na bawaba kuna madoa mekundu mawili matatu. Nina marafiki wanaopenda visu vya aina hii. Tukikutana, kila mmoja hutoa chake mezani na kusimulia wiki hiyo amekitumia kwa kazi gani. Vya wenzangu vinang'aa kama kioo. Siku niliyotoa changu, mmoja alisema ule weusi ni sumu, nisithubutu kukatia tunda. Wa pili akajitolea kukisugua kwa brashi ya waya ya mashine. Wa tatu akasema kisu kisicho na kufuli ni hatari, nikiweke kabatini ninunue kipya. Na kweli kwa sasa hakikati kitu, na bapa kubwa linacheza kidogo kushoto na kulia. Mimi nataka kutembea nacho kama alivyotembea nacho yeye. Nifanye nini, na nisifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, mshukuru rafiki yako mwenye mashine, kisha umwambie kisu hakiendi kwake. Hilo usilicheleweshe. Mengine yote uliyoyauliza yanaweza kusubiri wiki nzima na kisu kisipungukiwe na kitu.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Ninavyokuelewa, kutu siyo inayokusumbua sana. Unaogopa kukiharibu kitu ambacho hutakipata tena, na papo hapo unaogopa kukiacha kiozee kabatini kwa kuogopa kukigusa. Marafiki zako watatu wamekuvuta kila mmoja upande wake, kama wamba ngozi. Wawili kati yao wana chembe ya ukweli ndani ya maneno yao, nami nitaitoa hiyo chembe na kukuachia. Lakini jibu langu kwa jumla ni hili: kisu chako kinahitaji kazi ndogo kuliko unavyodhani, na kazi hiyo karibu yote utaifanya mwenyewe kwa mikono yako.

Tuanze na weusi. Bapa lililobadilika rangi hivyo limetengenezwa kwa feleji ya kaboni, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, karibu asilimia 1 au pungufu yake, bila kiasi cha kromiamu cha kukikinga na kutu. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Hiyo kromiamu ndiyo inayojifunika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na ndiyo maana visu vya wenzako vinabaki vyeupe hata baada ya miaka. Feleji ya kaboni haina utando wa namna hiyo, kwa hiyo hujitengenezea mwingine. Kila mara babu yako alipokata tunda, asidi na tanini za kwenye maji ya lile tunda ziligusana na chuma, na juu yake pakabaki utando wa rangi: kwanza buluu hafifu, halafu kijivu, mwisho weusi. Wapenzi wa visu huuita patina.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Huo weusi na ile kutu nyekundu vyote vimetokana na chuma kilichobadilika, lakini tabia zao ni mbali kabisa. Kutu nyekundu huvimba, huwa na matundu, na hunyonya unyevu kama sponji, kwa hiyo chini yake chuma kinaendelea kuliwa hata wewe ukiwa umelala. Utando mweusi umebana, umeshikamana na chuma, haubanduki, na hupunguza mwendo wa kutu. Sisemi unaizuia kabisa. Kisu cheusi ukikiacha na maji usiku kucha asubuhi utakikuta na wekundu. Lakini kati ya kisu cheusi na kile kile kilichotoka tu kusuguliwa, cha pili ndicho kitakachoshika kutu haraka. Kama una shaka doa fulani ni la aina gani, lipake tone la mafuta, ulipanguse kwa kitambaa cheupe. Likiacha unga wa rangi ya kahawia iliyokolea kwenye kitambaa, hiyo ni kutu hai. Kitambaa kikitoka na kijivu kidogo tu, hapo hapana ugonjwa.

Kuhusu sumu, hapana. Utando ule ni chuma kilichoungana na oksijeni na vitu vya kwenye matunda, jamaa wa karibu wa weusi wa kikaango cha chuma ambacho watu hupikia miaka na miaka. Mpaka mwaka 1913, Harry Brearley alipoyeyusha mjini Sheffield feleji yenye kromiamu karibu asilimia 13, watu walikuwa wakila matunda yaliyokatwa kwa visu vya rangi kama hicho chako. Na hata baada ya hapo feleji ya kaboni haikufa, kwa sababu hunoleka upesi na hushika makali mazuri. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa, ambayo kisu chake kilianza na Joseph Opinel mwaka 1890, mpaka leo inauza kisu kile kile kwa aina zote mbili za chuma, mnunuzi achague.

Chembe ya ukweli ya rafiki yako wa kwanza ni hii: kisu cha mzee kina uchafu, ila hauko pale alipotazama yeye. Uko ndani ya mfereji wa mpini, kule bapa linakolala likifungwa. Humo kuna mafuta yaliyoganda, nyuzi za mifuko, vumbi na mabaki ya kila kilichowahi kukatwa. Tena ukiona ukoko wa kijani kwenye zile kuta nyembamba za shaba za ndani ya mpini, hiyo ni kutu ya shaba, na hiyo kweli haifai kugusana na chakula. Basi hapo ndipo pa kusafisha.

Sasa niseme kwa nini naikataa ile brashi ya mashine kwa nguvu namna hii. Sababu ya kwanza ni joto. Bapa lako mhunzi alilipasha moto likawa jekundu, akalizimisha ghafla likawa gumu kama kioo, halafu akalipasha tena kwa joto dogo, kama nyuzi 200 za Selsiasi, ili ugumu upungue kidogo na lisiwe la kuvunjika. Ukali wote wa kisu umekaa kwenye huo mpango. Makali ni membamba mno, hayana pa kupeleka joto, na kwenye gurudumu linalozunguka kasi yanaweza kupita kiwango hicho kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya buluu kwenye ncha au makali baada ya kusuguliwa, ujue pale joto limefika karibu nyuzi 300, chuma kimelainika, na hakuna kunoa kutakakorudisha ugumu wake. Itabidi lipashwe na kuzimishwa upya, jambo ambalo huwezi kulifanya bila kuvunja mpini. Sababu ya pili ni kwamba brashi ya waya inaweza kunasa ncha na kukirusha kisu. Nimeona mkono ulioumia hivyo, sitaki kuona mwingine.

Sababu ya tatu ni ile inayoniuma mimi mwenyewe. Nilipokuwa bado najifunza kazi hii, nililetewa kisu cha marehemu mzee mmoja. Nikakisugua kikang'aa, nikakipanga mbele kabisa ili mwenyewe akija akione. Alipokuja akakigeuza, akakigeuza tena, akaniuliza, "Zile herufi mbili ziko wapi?" Baba yake alikuwa amekwaruza herufi za jina lake kwa msumari karibu na shina la bapa, nami nilidhani ni mikwaruzo tu. Hakunigombeza. Alinilipa, akakifunga ndani ya leso, akaenda. Tangu siku hiyo hakuna kisu cha urithi ninachokigusa kabla ya kukitazama kwa utulivu chini ya taa, pande zote.

Basi kisafishe hivi. Fungua mabapa yote mawili. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, na usikiloweke, kwa kuwa mfupa hunywa maji, ukavimba, kisha ukikauka hupasuka kwenye pini. Mfereji uchokonoe kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, usitumie kitu cha chuma. Fungua na kufunga mara kadhaa bawaba ikiwa na sabuni, utaona maji meusi yanavyotoka. Suuza haraka, kaushia kitambaa, kisha kiache wazi mahali penye hewa kwa saa kadhaa. Usikianike juani wala karibu na moto.

Yale madoa mekundu yatie mafuta, uyaache mpaka kesho yake. Halafu sugua kwa sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote, ile inayoandikwa 0000, ukiwa na mafuta, na usugue doa lenyewe tu. Usitoke nje ya doa kwenda kwenye weusi. Wekundu ukiisha utabaki na vishimo vidogo. Viache. Kuviondoa ni lazima ule chuma chote kinachovizunguka, na bapa la mzee halina chuma cha kupoteza. Kishimo kina ubaya pale tu kinapofika kwenye makali yenyewe.

Mwisho weka tone moja la mafuta kwenye bawaba. Yawe mafuta meupe ya madini yaliyoruhusiwa kwa vyombo vya chakula. Mafuta mengi ya kupikia yasikupendeze kwa urahisi wake, kwani baada ya miezi huganda kama gundi ndani ya bawaba, na kisu kinaanza kufunguka kwa shida.

Nina neno juu ya mpini pia. Unasema ni mfupa. Nakuomba uhakikishe. Mfupa una vitundu vidogo sana vyeusi kama vya sindano, na ukiushika unahisi baridi kidogo. Visu vingi vya nusu ya kwanza ya karne iliyopita vilivalishwa selulodi, plastiki ya kale iliyoigiza vizuri sana mfupa, pembe na hata gamba la kobe. Selulodi ikizeeka huanza kuoza na kutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hula bapa na springi zilizo karibu nayo. Dalili zake ni mpini unaonywea au kupasuka vipande vipande kama barafu, harufu ya kafuri, na kutu nyekundu inayorudi kila ukiiondoa, hasa upande ule bapa linapolala ndani ya mpini. Naitaja kwa sababu madoa yako yako karibu na bawaba. Yamkini ni jasho la mfukoni tu. Lakini yakirudi ndani ya mwezi mmoja na kisu ni kikavu, kitenge na vingine, kiweke penye hewa, umwone fundi. Na mtu akikushauri upime mpini kwa sindano ya moto, mkatalie kabisa. Selulodi hushika moto kwa kasi ya kutisha.

Sasa twende kwa rafiki wa tatu, yule wa kufuli. Ni kweli kisu chako hakina kufuli, na ni kweli kinaweza kukufungia vidole. Lakini kinachokishikilia unapaswa kukifahamu, kwa maana ukikifahamu utajua cha kukifanyia na cha kutokifanyia. Mgongoni mwa mpini kuna springi, ubao mrefu wa chuma uliobanwa kwa pini. Shina la bapa lina pande bapa, kama kipande cha mraba, na springi inasukuma juu ya huo mraba muda wote. Bapa likiwa wazi kabisa, upande mmoja wa mraba umelala juu ya springi. Ili lifunge ni lazima pembe ya mraba iinue springi, na hiyo inataka nguvu. Ndiyo maana unasikia ule mlio wa "ta!" likifika mwisho, na kwenye visu vingine linatulia kidogo katikati ya safari kabla ya kuendelea. Hizo ndizo dalili za springi yenye afya.

Kwa hiyo unapokata kwa kushuka chini au kuvuta, kazi yenyewe inazidi kulibana bapa likae wazi. Hatari inakuja pale nguvu inapogeuka: kuchoma kwa ncha, kuchokonoa, kupindisha, kutoboa kitu kigumu, au kulichomoa bapa lililonasa huku ukilipindia upande wa mgongo. Hayo usiyafanye hata siku moja. Tumia bisibisi kwa kazi ya bisibisi. Bahasha, kamba, tunda, penseli, boksi, uzi wa shati, hayo yote yanafaa, na nikihesabu kazi za siku ya kawaida karibu zote ziko humo.

Wala usikubali kuambiwa kwamba kutokuwa na kufuli ni upungufu wa zama za ujinga. Warumi wa kale walikuwa na visu vya kukunja. Higonokami ya Japani, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, haina hata springi: ina mkia mdogo wa chuma ambao kidole gumba hukalia wakati wa kukata. Kisu cha Opinel kilikaa miaka 65 bila kufuli, mpaka ile pete ya kuzunguka shingoni ilipoongezwa mwaka 1955. Kile kisu cha askari ambacho Karl Elsener alianza kulipatia jeshi la Uswisi mwaka 1891 kilitegemea springi kama chako. Mikono ya watu ilijifunza. Tena kuna mahali ambapo sheria yenyewe hupendelea kisu kisicho na kufuli: Uingereza, kwa mfano, huruhusu mtu kutembea bila kuulizwa sababu na kisu cha kukunja kisicho na kufuli, makali yake yasizidi sentimita 7.62. Kwingine kanuni ni nyingine kabisa, kwa hiyo uliza za mahali ulipo kabla ya kukitia mfukoni. Kwenye ndege kinakaa ndani ya mzigo unaokabidhiwa, si mkononi.

Alipokwambia ununue kipya, waswahili wameshasema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Nunua ukipenda, visu vipya vizuri vipo. Ila usinunue kwa kuwa cha babu kimeshindwa, kwa sababu bado hujakijaribu.

Jaribu springi yake hivi. Fungua bapa kubwa, shika mpini kwa vidole vilivyokaa nje ya mfereji, kisha bonyeza mgongo wa bapa taratibu kwa mkono wa pili kama unayetaka kulifunga. Linapaswa kukataa mwanzoni, halafu likubali kwa mlio. Likianguka kama mlango usio na kitasa, au ukiona ufa mwembamba kwenye ule ubao wa mgongoni, acha kukitumia mpaka fundi akione. Springi yenye ufa haitoi onyo siku ya kuvunjika.

Kule kucheza kushoto na kulia ni jambo la pini. Miaka mingi ya kufungua na kufunga imeilegeza kidogo, na usishangae kukizidi baada ya kusafisha, kwa sababu ule uchafu ulikuwa umeziba nafasi. Mchezo huo ukiwa mdogo, kiasi cha kuhisi tu ukilitikisa bapa, unavumilika kwa kazi ndogondogo, na mimi ningeuacha. Ukiwa mkubwa hata bapa likifunga linakwaruza ukuta wa mpini, pini inahitaji kugongwa kidogo ipanuke kichwani. Ni kazi ya nyundo ndogo na mkono uliozoea. Pigo moja likitoka kwenye noleo, kile kichwa cha chuma cha mpini, likaangukia mfupa, mfupa unapasuka na huo hauungiki. Hiyo mpelekee fundi. Na ukimkabidhi, mwambie kwa maneno yako: kaza pini tu, usikisugue, usikinoe kwa mashine, maandishi usiyaguse. Fundi mzuri hatachukizwa na maagizo hayo. Akichukizwa, rudi nacho nyumbani.

Tumebaki na makali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo furaha ilipo. Kwanza chunguza kwa nini kimekuwa butu. Chini kabisa ya makali, karibu na shina, bapa lina kinundu kidogo kisicho na makali. Kisu kikifungwa, kinundu hicho ndicho kinachokaa juu ya springi na kuyaacha makali yaelee hewani. Watu wengi wakinoa hukisaga nacho bila kujua, makali yakashuka, na kuanzia hapo kila ukifunga kisu unayagonga kwenye chuma. Ukishanoa, kifunge kwa upole, ukifungue, uyatazame makali kwenye mwanga. Ukiona kidoa kinachometa mahali pamoja pale pale kila mara, ndiyo habari yenyewe. Mpaka kirekebishwe, kifunge polepole ukilisindikiza bapa kwa vidole vilivyoshika pande zake, usiliache lijipige.

Kunoa kwenyewe, jifunzie kisu cha jikoni usichokijali, kisha uje kwenye bapa dogo la babu, mwisho kubwa. Kinoo chenye chembe za kiasi cha 1000 kinatosha. Kama makali yamekufa kabisa, anza na cha 400, chenye chembe kubwa zaidi. Pembe inayofaa ni nyuzi 15 mpaka 20 kila upande, na hiyo huhitaji chombo kuipima: bapa lenye upana wa milimita 15 ukiinua mgongo wake milimita 5 juu ya kinoo, umefika karibu nyuzi 20. Shika hapo hapo. Sukuma makali mbele kama unayetaka kukwangua ngozi nyembamba juu ya jiwe, ukifuata mviringo mpaka ncha, upande mmoja tu, bila haraka.

Endelea mpaka uhisi kitu kimoja. Pitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali upande wa pili, usikipitishe kwa kufuata urefu wa makali. Utahisi mkwaruzo, kama uzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Huo uzi ndio ushahidi kwamba umeyafikia makali yenyewe. Usipoupata kutoka shinani mpaka nchani, bado hujanoa, hata ukisugua saa nzima, na hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi: wanageuza upande mapema. Ukiupata, geuza, fanya vivyo hivyo mpaka ule uzi uhamie upande wa kwanza. Kisha pishana, mara moja huku mara moja kule, ukipunguza uzito wa mkono mpaka kisu kiwe kinajipitia chenyewe. Malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, sasa ukivuta kinyumenyume, mgongo ukitangulia, ili ule uzi uanguke. Pima kwa karatasi, si kwa kidole gumba. Feleji ya kaboni itakushangaza inavyoitika.

Vile vifaa vya kupitisha kisu katikati ya vyuma viwili vilivyopishana usivitumie kwa hiki. Vinang'oa chuma badala ya kukinoa, wala havifiki karibu na shina, na baada ya mwaka bapa linakuwa na tumbo lililobonyea.

Kukitunza baada ya hapo ni kupangusa. Umekata kitu chenye majimaji, kipanguse kabla hujakifunga. Limau na kitunguu ndivyo vikali zaidi, hivyo kisuuze kidogo, ukikaushe. Usikihifadhi muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha zinaweza kukila. Mfukoni kitenge na funguo. Wapo wanaoloweka visu vyao kwenye siki ili weusi uje upesi. Siwakatazi kwenye visu vyao, ila cha kwako kilishapata rangi yake kwa kazi za mtu unayemjua, usiichanganye.

Ukijikata, kwa sababu siku moja utajikata, usiogope kutu. Pepopunda haitokani na kutu. Inaletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na kisu chochote kilichochafuka kinaweza kuwabeba, hata kinachong'aa. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, libane kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua. Ikiwa ni zaidi ya miaka 10 tangu uchanjwe pepopunda, au zaidi ya 5 na jeraha ni la kina au lilikuwa chafu, kachanjwe. Na uende hospitali siku hiyo hiyo kama damu haikatiki, kama kidole kimekufa ganzi, au kama huwezi kukikunja au kukinyoosha. Hapo pengine kano imekatwa, na kano haingoji kesho.

Jambo la mwisho, yale maandishi yaliyofutika nusu. Hayo yanaweza kukuambia kisu kilitengenezwa wapi na miaka gani. Kampuni ya Case ya Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 1970 ilianza kuweka vinukta chini ya chapa yake na kuvipunguza kimoja kila mwaka, kwa hiyo mtu akivihesabu anaupata mwaka. Usijaribu kuyasoma kwa kusugua. Zima taa kubwa, shika tochi ilimulike bapa kwa ubavu, halafu pakaza unga wa chaki nyeupe kwa kidole na uupanguse juu juu ubaki ndani ya herufi. Tazama upande wa pili wa shina pia, na chini kabisa kwenye mpini, kama pana mkwaruzo wowote unaofanana na herufi. Niandikie utakachokiona, hata kikiwa herufi mbili tu.